Tibu Koo la Mtoto, Uokoe Moyo Wake



Moyo wa binadamu una valvu nne, mfano wa milango ifungukayo upande mmoja, ili damu iende mbele wala isirudi nyuma. Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kama kwingineko Afrika Mashariki, valvu za vijana wengi huharibiwa na maradhi yaanziayo kooni.

Bakteria aitwaye streptokoka humletea mtoto mafindofindo, hasa mwenye umri wa miaka 5 hadi 15. Asipotibiwa, wiki 2 hadi 4 baadaye kinga ya mwili yaweza kumgeukia mwenyewe na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Leo goti huvimba, kesho maumivu huhamia kiwiko, na wapo wanaodhani mtoto amerogwa. Maumivu hutoweka, lakini kovu laweza kubaki kwenye valvu.

Miaka ikipita, mgonjwa huhema kwa kazi ndogo, moyo humwenda mbio na miguu humvimba. Baadhi ya wanawake hugundulika wakiwa wajawazito, kwa kuwa damu huongezeka mwilini na valvu iliyosinyaa hushindwa kuipitisha.

Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati mapema. Mhudumu akiona dalili za bakteria huyo, humpa penisilini. Mzazi aeleze iwapo dawa hiyo iliwahi kumdhuru mtoto.

Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Hapo ndipo wengi huteleza. Mtoto huonekana mzima, nauli ya kivuko hukosekana, au familia huhamia kambi ya uvuvi, na sindano hukatika. Sindano haifuti kovu la zamani. Huzuia shambulio jipya lisiongeze jingine. Familia inayohama ichukue kadi ya mtoto na kuionyesha katika kituo cha afya cha huko iendako.

Valvu iliyoharibika sana huhitaji upasuaji. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza huwachunguza wagonjwa wa moyo, na wengine hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aliyewekewa valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Zahanati ya kijiji i karibu zaidi. Usiziba ufa utajenga ukuta.