Sare Peke Yake Haimfundishi Mtu Kazi

Leo nataka tuzungumze juu ya kikosi kisichochukua bunduki. Katika nchi ya Marekani ziko huduma nane za sare zinazotambuliwa na sheria, na mojawapo ni kikosi cha maofisa wa Idara ya Afya ya Umma. Maofisa hawa huvaa sare zinazofanana na za wanamaji, hupigiana saluti, na vyeo vyao hufuata vile vya wanamaji. Lakini adui wao ni maradhi. Miongoni mwao wamo madaktari, wauguzi, wafamasia, waganga wa meno, wahandisi, mabwana afya, waganga wa mifugo na wengineo, jumla yao taaluma 11. Mkubwa wao ni Mganga Mkuu wa nchi.

Asili ya kazi hiyo ni mabaharia. Mwaka 1798 ilipitishwa sheria ya kuwatunza mabaharia wagonjwa, na kila baharia alikatwa senti 20 za mshahara wake kwa mwezi ili hospitali zipatikane. Mwaka 1871 daktari John Maynard Woodworth alipewa usimamizi wa hospitali hizo. Yeye aliwavisha madaktari wake sare, akawapima kwa mitihani, na akaweka desturi ya kuwa daktari huenda po pote anapotumwa. Mwaka 1889 sheria ikathibitisha kikosi chenyewe.

Basi neno ninalotaka kulisema ni hili: ofisa kijana huwa hajakamilika siku ile avaapo sare. Hukamilishwa na wenziwe waliomtangulia, na kazi hiyo ya kumkamilisha si hisani bali ni sehemu ya wajibu wa ofisi.

Yafaa tujue hali yake ilivyo. Askari wa kawaida huishi kambini pamoja na wenziwe, na kila saa yuko mkubwa wa kumrekebisha. Ofisa wa afya sivyo. Mafunzo yake ya mwanzo ni ya majuma mawili tu, kisha hupelekwa kazini: labda zahanati ya wenyeji wa asili iliyo mbali na miji, labda gereza, labda ofisi ya kukagua dawa na vyakula. Mara nyingine yeye ndiye mtu wa pekee avaaye sare mahali hapo. Msimamizi wake huenda akawa raia, hodari wa kazi ya uganga, lakini asiyejua taratibu za kikosi. Na msimamizi huyo ndiye aandikaye taarifa ya kila mwaka juu ya utumishi wake, nayo taarifa hiyo husomwa na kamati ya kupandisha vyeo ambayo haijapata kumwona uso. Zaidi ya hayo, imempasa awe na afya njema na mwili wenye nguvu, chanjo zake ziwe zimetimia, na cheti chake cha taaluma kisiwe kimekwisha muda, ili aweze kuondoka mara moja akiitwa. Kijana aweza kuwa mtumishi mwema kabisa, akabaki nyuma kwa sababu tu hakuna mtu aliyemwambia karatasi gani ipelekwe wapi na kwa siku gani.

Kwa ajili hiyo maofisa wa vyeo vya chini, yaani tangu ensaini hadi luteni-kamanda, wana baraza lao la ushauri. Wajumbe wake ni vijana wenyewe. Baraza hilo humpelekea Mganga Mkuu na kamati za taaluma maoni juu ya mambo yanayowahusu wadogo, na huwasaidia wageni kuzijua njia za kikosi. Kadhalika ofisa mgeni aweza kupewa ofisa mzoefu wa kumwongoza, ili awe na mtu wa kumwuliza bila haya. Kuuliza si ujinga. Lakini mwenye kuuliza sharti awe na wa kumjibu.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni madogo. Natoa mifano mitatu ili tuone kama ni madogo.

Mfano wa kwanza ni wa Liberia. Mwaka 2014, ugonjwa wa Ebola ulipokuwa ukiua watu Afrika ya Magharibi, maofisa wa kikosi hiki walipelekwa karibu na Monrovia kuendesha hospitali ya vitanda 25, iliyowekwa kwa ajili ya wahudumu wa afya walioambukizwa wakiwatibu wengine. Kabla ya kusafiri walifundishwa kwanza katika jimbo la Alabama. Katika kazi ya Ebola mtu havai wala havui mavazi ya kujikinga peke yake. Mwenziwe humtazama hatua kwa hatua, kwani kosa moja la mkono laweza kumwua. Mtu aliyezoea kuachwa peke yake tangu alipoajiriwa hawezi kujifunza kumtegemea mwenziwe kwa siku moja.

Mfano wa pili ni wa Joseph Kinyoun. Mwaka 1887, akiwa daktari wa cheo cha chini na umri wa miaka 26, alipewa chumba kimoja katika hospitali ya mabaharia huko Staten Island, penye bandari ya New York, ili achunguze vijidudu vya maradhi kwa darubini. Mwaka ule ule alithibitisha kuwa abiria wa meli moja walikuwa na kipindupindu. Chumba kile kimoja ndicho kilichokuwa mbegu ya taasisi kubwa za utafiti wa afya za Serikali ya Marekani, zijulikanazo leo duniani kote. Wakubwa wake hawakumngojea azeeke ndipo wamwamini.

Mfano wa tatu ni wa huzuni, wala haifai kuuficha. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini tangu mwaka 1932, katika wilaya ya Macon huko Alabama, Idara hii ya Afya iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa kweli ya ugonjwa wao. Hata dawa ya penisilini ilipojulikana kuwa yaponya, hawakupewa. Wazee walikuwapo, na neno likaharibika mbele ya macho yao. Aliyesema kuwa hapana, jambo hili si haki, ni Peter Buxtun, mfanyakazi wa kawaida wa Idara huko San Francisco, kijana asiye na cheo katika kikosi. Aliandika mwaka 1966. Aliitwa akakaripiwa. Akaandika tena mwaka 1968, wasimsikilize. Hatimaye habari zikatoka magazetini mwaka 1972, na uchunguzi ule ukakomeshwa, baada ya miaka 40. Kama barua ya kwanza ingalisikilizwa, wagonjwa wale wangalitibiwa miaka sita mapema.

Mabibi na Mabwana, kutokana na mifano hii mwaona kwamba kumsaidia ofisa kijana si kumbembeleza. Ni kumpa mambo matatu: mtu wa kumwonyesha njia, kazi ya kweli ya kujaribia nguvu zake, na mlango wa kupitishia neno lake hata likiwa chungu kwa wakubwa. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwani heshima ya sare humfundisha mdogo kunyamaza, na mkubwa huweza kuudhani ukimya huo kuwa ni utii.

Kwa hiyo mkubwa ye yote mwenye vijana chini yake, awe wa hospitali, wa shule au wa ofisi, na ajiulize juma hili: ni nani kati yao aliye mbali na asiye na wa kumwuliza? Amwandikie barua au amwite. Na kijana naye asingoje kuitwa. Amtafute mzee mmoja anayemwamini, aulize mapema, na alionapo jambo lisilo haki alitaje kwa adabu bila kulificha.