Tusiuze Tusichokuwa Nacho



Vijana wetu wa Wete na Chake Chake huuza bidhaa katika masoko ya mtandaoni ya watu wengine. Ni neema: mwenye mtaji mdogo humfikia mnunuzi wa Dar es Salaam bila ya kukodi duka. Lakini soko la mwenzio lina mwenyewe. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na mlango huo ukafungika.

Khatari kubwa zaidi ni kutangaza picha ya mali ya mwengine, kupokea fedha, ndipo kuitafuta. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Basi tuinunue mali na kuipokea kwanza, au tuwe mawakala wa mwenyewe kwa ujira unaojulikana, na kasoro tuzibainishe.

Wabillahi Tawfiq.