Ahadi ya Uzeeni: Habari za Kiwanda cha Motokaa cha Studebaker

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Fungueni madaftari. Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya manne: mshahara, marupurupu, chama, ahadi. Yasomeni pamoja, polepole. Vema.

Juma lililopita nilipata barua kutoka darasa moja. Waliiandika wenyewe, kwa mkono wao, nami nilifurahi sana. Wanauliza hivi: "Je, ni kweli kwamba wafanyakazi wakidai malipo makubwa, kiwanda hufa?" Swali hili ni zuri, lakini jibu lake si neno moja. Ili tulipate, twende mpaka Marekani, katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana.

Mwaka 1852 ndugu wawili wa ukoo wa Studebaker walifungua karakana ya wahunzi katika mji huo. Walitengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni yao ikaanza kutengeneza motokaa. Baba alifanya kazi humo, mwana akamfuata, na mjukuu vilevile.

Wafanyakazi hao walikuwa na chama chao, UAW, yaani chama cha wafanyakazi wa viwanda vya motokaa vya Marekani. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1937, baada ya mgomo wa siku 44 katika mji wa Flint, kampuni kubwa ya General Motors ilikubali kuzungumza nacho. Katika mgomo huo watu hawakutoka nje. Waliketi ndani ya kiwanda, kando ya mashine zao, wakati wa baridi kali. Basi, msidhani kwamba haki zao waliokota njiani.

Sasa tazameni maneno yetu ubaoni. Mshahara ni fedha unazopokea kwa kazi yako. Marupurupu ni mambo yanayofuatana na mshahara, kama likizo yenye malipo, matibabu, na malipo ya uzeeni. Mshahara wa mwezi huu unauona mwezi huu. Lakini malipo ya uzeeni hutayaona mpaka nywele ziwe nyeupe. Kwa hiyo hayo ni ahadi, na ahadi ni deni.

Mwaka 1950 kampuni ya Studebaker na chama walipatana juu ya malipo ya uzeeni. Mapatano hayo yalihesabu pia miaka ambayo watu walikuwa wamekwisha fanya kazi hapo zamani. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini fikirini kidogo. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 kabla ya mapatano, nani alikuwa amemwekea akiba katika miaka hiyo? Hakuna. Kampuni ilikubali kulijaza pengo hilo polepole, kwa muda wa miaka 30. Tena, kila mkataba mpya ulipofanywa, ahadi iliongezwa. Deni likakua upesi kuliko akiba.

Wakati huohuo biashara ilikuwa ngumu. Kampuni kubwa, Ford na General Motors, zilishindana kushusha bei, na wadogo wakaumia katikati. Majengo ya Studebaker yalikuwa ya zamani. Ni kweli pia kwamba kampuni hii ndogo ilikuwa ikilipa mishahara mikubwa kuliko wakubwa wale, maana wakuu wake waliogopa mgomo. Mwaka 1954 wafanyakazi wenyewe walipiga kura, wakakubali mishahara yao ipunguzwe ili kiwanda kiishi. Jambo hilo likumbukeni. Si kila mara mfanyakazi hukataa kulegeza.

Lakini haikutosha. Mwezi wa Desemba 1963 ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kitafungwa. Ndipo sanduku la akiba ya wazee lilipofunguliwa, ikaonekana kwamba fedha zilizomo haziwatoshi wote.

Andikeni hesabu hii katika madaftari yenu. Watu wapata 3,600, waliokwisha staafu au waliotimiza miaka 60, walilipwa haki yao yote. Watu wapata 4,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 59 na waliofanya kazi miaka 10 au zaidi, walipata kama senti 15 katika kila dola moja ya haki yao. Kwa wastani kila mmoja alipewa dola 600 kwa mara moja, basi. Na watu wapata 2,900 hawakupata hata senti. Mtu wa miaka 60 alilipwa yote. Mwenzake wa miaka 59, waliyesimama naye mbele ya mashine moja, alipewa senti 15 kwa dola. Umri wa mwaka mmoja tu uliwatenga.

Je, chama ndicho kilichokiua kiwanda? Tupime kwa haki. Mishahara ilikuwa mzigo, hatuwezi kukana. Lakini si mfanyakazi aliyechagua motokaa za kutengeneza, wala bei, wala majengo. Tena, nchi ya Ujerumani ina vyama vyenye nguvu na mishahara mikubwa, na motokaa zake zimeuzwa ulimwenguni kote. Kwa hiyo mshahara peke yake si sumu.

Hata General Motors ilifika mahali pagumu. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, watu wengi walianza kutaka motokaa ndogo kutoka Japani. Kazi zikapungua huku wastaafu wakiongezeka. Katika Marekani matibabu ya wafanyakazi wengi hulipwa na mwajiri, na General Motors iliahidi kuwatibu wastaafu wake pia. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilisema kwamba gharama ya matibabu ilikuwa dola zipatazo 1,500 katika kila gari. Fikirini shamba linalolimwa na watu wawili ili kulisha watu kumi. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors iliomba mahakama iikinge na wadai wake.

Habari za Studebaker hazikupotea bure. Ziliwasaidia watu kudai sheria mpya, na sheria hiyo ilitiwa sahihi mwaka 1974. Kwanza, iliamuru kwamba mfanyakazi akitimiza miaka fulani ya kazi, haki yake ya uzeeni isipotee. Pili, mwajiri aweke fedha kweli, si maneno tu. Tatu, pawe na bima ya serikali ya kuwalipa wazee, kwa kiasi kilichowekwa, kampuni ikianguka.

Mimi nilikulia karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Jirani yetu alifanya kazi humo miaka 19. Kilipofungwa, aliambiwa asubiri. Barua yake ya ahadi ilikaa ndani ya sanduku la bati mpaka alipofariki. Ilikuwa na muhuri na sahihi. Kilichokosekana ni fedha.

Basi, ndugu zangu, jibu la barua yenu ni hili. Kudai malipo mema ni haki. Lakini unapodai ahadi ya kesho, uliza leo: fedha zake zimewekwa wapi, na nani anazishika? Katika nchi zetu iko mifuko kama NSSF, ambayo hushika fedha hizo nje ya kampuni. Lakini mfuko hauna fedha zako kama mwajiri wako hajazipeleka. Wewe uliyejua kusoma, isome karatasi yako ya mshahara. Kisha nenda ukatazame kama kilichokatwa kimefika.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mshahara na marupurupu vina tofauti gani?
2. Kwa nini fedha za wazee wa Studebaker hazikutosha?
3. Nani katika darasa lenu anajua akiba yake ya uzeeni iko wapi?

Tuandikieni majibu yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.