Uwezo wa Kununua Si Mali Yako

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo tuna hesabu. Katika somo lililopita tulisema kwamba hisa ni sehemu ya mali ya kampuni, na kwamba bei yake hupanda na kushuka. Leo tutazungumza juu ya mtu anunuaye hisa kwa fedha za kukopa. Tutatazama Marekani, ambako desturi hii imeenea sana, na ambako baadhi ya ndugu zetu hufanya biashara ya hisa.

Tuseme bwana mmoja ana dola 3,000. Dalali wake anamkopesha dola 3,000 nyingine. Sasa aweza kununua hisa za dola 6,000. Kiasi hicho chote huitwa uwezo wa kununua. Lakini sikilizeni vizuri: mali yake ni nusu tu. Nusu ya pili ni deni, tena lina riba. Hisa zenyewe hukaa kwa dalali kama rehani.

Ananunua hisa 200, kila moja dola 30. Bei inashuka hadi dola 18. Hisa zake sasa zina thamani ya dola 3,600. Je, deni limeshuka? La, deni halishuki pamoja na bei. Toeni 3,000 katika 3,600. Fungu lake limebaki dola 600 tu.

Hapo kanuni inaingia. Fungu la mnunuzi lisipungue robo ya thamani ya hisa, na madalali wengi hutaka zaidi ya robo. Robo ya 3,600 ni 900. Yeye ana 600. Basi amepungukiwa dola 300. Dalali humwita aongeze fedha. Asipoongeza, dalali aweza kuziuza hisa zake, hata bila kumngojea. Bei ikifika dola 15, fungu lake limekwisha kabisa. Mwenziwe aliyenunua kwa fedha taslimu amepoteza nusu tu, na hisa zake bado anazo.

Kwa nini kanuni hizi ziliwekwa? Kabla ya mwaka 1929, watu wengi huko walinunua hisa kwa kutoa kiasi kama sehemu moja ya kumi ya bei, na zilizosalia wakakopa. Bei zilipoporomoka mwezi wa Oktoba mwaka huo, walitakiwa kuongeza fedha wasizokuwa nazo. Hisa zao zikauzwa, na mauzo hayo yakazidi kushusha bei. Sheria ya mwaka 1934 ikaipa benki kuu ya Marekani mamlaka ya kuweka mpaka wa mikopo hiyo. Tangu mwaka 1974 mpaka huo ni nusu ya bei.

Wako pia wanunuao na kuuza hisa ile ile siku ile ile. Mwaka 2001 waliwekewa kanuni yao. Aliyefanya hivyo mara nne au zaidi katika siku tano za kazi alitakiwa awe na dola 25,000 kwa uchache. Naye aliruhusiwa kununua, kwa siku hiyo, hadi mara nne ya fedha zake zilizozidi amana ya lazima. Kwa hiyo mwenye 25,000, asiye na hisa nyingine, aliweza kununua za 100,000. Fanyeni hesabu: bei ikishuka sehemu moja katika mia, amepoteza dola 1,000, yaani sehemu nne katika mia ya fedha zake. Ikishuka robo, hana kitu.

Kanuni hubadilika, kwa hiyo uliza zilizopo siku unapoanza. Hesabu haibadilika. Mpaka uliowekwa ni mwisho wa kukopa. Si amri ya kuufikia. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Maswali ya darasa:

1. Mtu ana dola 4,000, akakopa 4,000, akanunua hisa za 8,000. Thamani imeshuka hadi 5,000. Fungu lake ni kiasi gani?

2. Amepungukiwa kiasi gani kufikia robo?

3. Kabla ya kukopa, mtu ajiulize nini juu ya ada za watoto na chakula cha nyumbani?

Kwaherini, hadi somo lijalo.