Bastola Ndogo ni Mzigo Mkubwa
(Hotuba iliyotolewa Nanyamba mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ya maandalizi imenipa kazi ya kuzungumzia jambo ambalo wenzetu wengi huulizana pembeni, lakini si mara nyingi hadharani. Jambo lenyewe ni hili: mtu anayetaka bastola ndogo ya kubeba kila siku aichague namna gani, na aizoee namna gani kabla ya kuitegemea. Naishukuru Kamati, maana jambo linalonong'onwa tu huleta madhara kuliko linalosemwa wazi.

Ndugu zangu, kabla ya kuchagua bastola, chagua kwanza kama unaihitaji. Wapo wanaosema kwamba msimu wa korosho una fedha nyingi na njia zetu ni za upweke. Hilo lilikuwa na uzito zaidi zamani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho hupita kwenye chama cha msingi na mnada, na malipo ya mkulima yamezidi kupitia benki. Mwenye fedha benki hana haja ya kulinda mfuko wa shati.

Wengine wanataja Kitaya. Oktoba 2020 kijiji hicho cha kando ya Ruvuma kilivamiwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Hofu ile ni ya kweli, wala sithubutu kuicheka. Lakini kundi lenye bunduki za kivita halizuiwi na mtu mmoja mwenye bastola kiunoni. Hiyo ni kazi ya Jeshi na Polisi, na sehemu ya raia ni kutoa habari mapema.

Wanabaki wachache ambao kazi yao kweli inawalazimu. Kwa hao, njia ni ya sheria tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inadai leseni, na mwombaji huchunguzwa tabia na sababu zake. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Bastola haiazimwi kwa shemeji, wala hairithiwi kimyakimya baba akifariki.

Sasa nije kwenye kuchagua. Watu wengi hudhani bastola ndogo ndiyo rahisi kutumia. Ukweli ni kinyume. Kadiri bastola inavyopungua ukubwa, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Mpini mfupi unaacha kidole kimoja kikining'inia hewani. Wepesi wake hufanya teke lake mkononi liwe kali. Mtutu mfupi unazikaribisha alama mbili za kulengea, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha.

Chukueni mfano wa familia moja ya bastola za Glock, ambazo wengi wamezisikia. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114 na hubeba risasi 17. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, ina mtutu wa milimita 102 na hubeba risasi 15. Glock 26, iliyofuata mwaka 1995, ina mtutu wa milimita 87 na hubeba 10. Ile ya mwisho hufichika vizuri kuliko zote, lakini inadai mazoezi mengi kuliko zote. Kwa hiyo usichague ndogo kuliko zote, bali ile ndogo ambayo mkono wako unaweza kuishika kikamilifu. Ishike ikiwa tupu. Je, kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kupindua mkono? Je, una nguvu za kuvuta nyuma sehemu ya juu bila kuhangaika? Kama jibu ni hapana, iache, hata ikiwa bei ni nzuri.

Jambo la pili ni ala. Ala nzuri hufunika kifyatulio chote, hushika bastola isidondoke ukiinama au ukipanda pikipiki, na hukaa mahali pale pale siku zote. Bastola ya kutupwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu ni ajali inayosubiri saa yake.

Jambo la tatu ni kuizoea, na hapa ndipo wengi hufanya uvivu. Mkulima anayenunua panga jipya halipeleki moja kwa moja kwenye kisiki kikubwa. Hulinoa, hulipima uzito, hukaza mpini. Bastola nayo hutoka kiwandani na springi ngumu na vyuma ambavyo havijazoeana. Isafishe kwanza, maana mafuta ya kiwandani mara nyingi ni ya kuhifadhia. Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, chini ya msimamizi. Wakufunzi wengi hutaja risasi 200 au zaidi kabla ya kuiamini. Tumia aina ile ile ya risasi utakayobeba, maana bastola ndogo zina tabia ya kuchagua chakula. Kila magazini itie alama ya namba. Ikikwama, andika ni magazini ipi, risasi ya ngapi, na ganda lilikwama wapi. Magazini moja ikirudia kosa, ubaya ni wake. Zote zikikosea, mpelekee fundi wa silaha aliyeruhusiwa. Usichukue tupa ukaanza kuchonga mwenyewe.

Lakini mnaozoeana ni wawili. Bastola inaweza kuwa tayari kwa siku moja, mwenyewe akahitaji mwaka. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kufyatua. Mdomo wa mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka umetoa magazini na kuangalia chemba kwa jicho lako. Jua kilicho nyuma ya shabaha, maana ukuta wa udongo si ngao. Na anayebeba bastola asiguse pombe siku hiyo. Asiyeweza ahadi hiyo, asiombe leseni.

Usiku huja swali gumu kuliko yote: inalala wapi? Chini ya mto sipo, wala juu ya kabati sipo, kwani mtoto wa miaka 6 anajua kupanda kiti. Inalala katika kasha la chuma lenye kufuli, na ufunguo uko kwako. Nyumba yenye bastola isiyofungiwa ina hatari kubwa kuliko mwizi aliyeko nje.

Vijana wa shule, ninyi msiondoke hapa na hamu ya kushika bastola. Ondokeni na amri moja: ukiiona silaha imeachwa ovyo, iwe bastola ya mjomba au gobore la kulindia nguruwe shambani, usiiguse. Mzuie mwenzako, kisha mwite mtu mzima. Kumwita mtu mzima si woga.

Nasi wakubwa, tukumbuke kwamba bastola nzuri ni ile ambayo mwenyewe anazeeka nayo na kuirudisha kituo cha polisi bila kuwahi kumwelekezea binadamu. Mwenye kuomba mwisho wa namna hiyo ndiye anayestahili leseni.