Wajibu wa Baba Katika Nyumba Zetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya wajibu wa baba. Hatukuja kuwafundisha wazee, kwani wao wameona mengi kuliko sisi. Tumekuja kusema waziwazi jambo ambalo kila mmoja wetu amewahi kulinong'ona kando ya kaburi.

Katika taarifa ya mweka hazina mtaona kwamba fungu kubwa la fedha zetu, kama miaka iliyopita, limetumika kuwasafirisha wafu kutoka mijini hadi nyumbani Kisii na Nyamira. Kazi hiyo ni ya heshima, wala hatusemi iachwe. Lakini katika maziko fulani tuliyohudhuria, mtoto wa kwanza wa marehemu aliitwa aseme habari za baba yake. Alisimama, akalitazama jeneza, akasema: "Alinilipia karo yote. Zaidi ya hayo sina la kusema, maana sikumjua." Kisha akaketi. Watu wakanyamaza. Hakuna aliyemlaumu marehemu, kwani wengi wetu tulijiona sisi wenyewe ndani ya sanduku lile.

Basi tujiulize tumefikaje hapo. Katika lugha yetu mtoto akiita "baba" anamwita mama yake. Baba mzazi ni "tata". Wageni hucheka, na wengine husema kwa mzaha kwamba ndiyo sababu mtoto wetu akilia, anayekuja ni mama. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Zamani mtoto mchanga alikuwa wa mama na wa omoreri, yaani dada au kaka yake aliyembeba mgongoni. Baba hakumpakata. Wataalamu wa Marekani, Robert LeVine na Barbara LeVine, waliokaa kwetu katika miaka ya 1950, waliyaandika hayo katika kitabu chao cha mwaka 1966. Nao walieleza jinsi mama alivyomtisha mtoto mtundu kwa kumtajia baba yake.

Hata hivyo tusiwahukumu babu zetu kwa haraka. Baba wa zamani hakuwa karibu kwa mikono, lakini alikuwa karibu kwa macho. Aliwaona wanawe wakikua, nao walimsikia akiamua mashauri ya watu. Vijana walilinda mifugo katika egesarate, kambi ya ng'ombe, mpaka Serikali ya Kiingereza ilipozivunja kambi hizo kabla ya Vita vya 1914. Kijana alipata mke kwa ng'ombe wa nyumba yao, mara nyingi wale waliotolewa mahari kwa dada yake. Na shamba alilipata kwa baba. Kwa hiyo kumtii baba kulikuwa kuitunza kesho yake mwenyewe. Na mambo ambayo baba hakuweza kuyanena mbele ya mwanawe kwa ajili ya ensoni, yaani heshima na haya, yalisemwa na babu na bibi kwa utani, jioni, motoni.

Sasa tazameni yaliyobaki. Kahawa ilianza kupandwa kwetu katika miaka ya 1930, kisha ikafuata chai. Wanaume wakaenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Kericho, na baadaye Nairobi na Mombasa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya watu 1,200,000 katika Kaunti ya Kisii na zaidi ya 600,000 katika Nyamira. Na katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Ng'ombe wamekwisha, na shamba likigawanywa tena halitoshi hata migomba ya nyumba moja. Kijana hujitafutia mahari kwa mshahara wake. Babu na bibi wako mbali na wajukuu walio mjini. Tangu mwaka 2007, fedha hutumwa kwa simu zikafika dakika ile ile. Jambo jema sana, lakini limemfanya baba mwingine kuwa mlio wa simu mwisho wa mwezi.

Ndugu zetu, baba aliyetegemea ng'ombe, shamba na hofu amenyang'anywa vyote vitatu. Kilichosalia mkononi mwake ni yeye mwenyewe. Asipokitoa hicho, hana kingine cha kumrithisha mtoto.

Wako watakaosema kwamba tunaivunja ensoni. Sivyo. Ensoni ilimkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kusema maneno ya aibu mbele yake. Haikumkataza kamwe kumwuliza mtoto leo amejifunza nini. Heshima na idumu. Umbali ndio uondoke. Samaki mkunje angali mbichi, na hawezi kukunjwa na mtu aliye umbali wa safari ya siku nzima.

Sheria nayo imesema. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui binti katika mali ya mzazi wake. Baba afaye bila kusema neno juu ya shamba lake huwaachia watoto kesi badala ya urithi.

Kwa hayo, twaomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, kila mwanachama aende mwenyewe shuleni siku ya wazazi, asimwachie mama peke yake. Pili, mwana anapotahiriwa katika likizo ya Desemba, baba awepo nyumbani, asitume fedha za sherehe tu. Tatu, kila mwenye shamba aseme na kuandika mapenzi yake angali na nguvu, mbele ya wana na mabinti.

La nne ndilo zito. Twawajua wanaume waliokaa mjini miaka mingi bila kurudi. Wengi hawakukosa upendo. Wanaona haya kufika mlangoni mikono mitupu. Tunapendekeza Chama kitenge mfuko mdogo wa nauli kwa mwanachama aliyepoteza kazi, ili aende akawaone watoto wake. Nasi sote tuahidi kwamba akifika, hapana atakayemwuliza ameleta nini.

Nauli ya mtu mzima ni ndogo kuliko gharama ya gari la maiti. Tumezoea kuchanga usiku mmoja ili kumrudisha baba aliyekufa. Hatushindwi kuchanga kidogo ili arudi angali hai, aketi na watoto wake, wamjue.