Kiwanja Kwanza: Sanaa, Jiji na Uhuru wa Msanii
Mhadhara wa umma uliotolewa Plateau, Eldoret



Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Lina viwanda, vyuo vikuu, hospitali kubwa ya rufaa, na wanariadha wanaojulikana dunia nzima. Lakini kijana wa hapa anayechonga au kuchora akitaka kuonekana, hufunga virago akaenda Nairobi. Hoja yangu ni kwamba tukitaka abaki, tumpatie kwanza mahali pa kufanyia kazi ambapo hatahamishwa.

Nairobi yenyewe inatufundisha. Mwaka 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesomea Makerere, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa Ya Paa pamoja na wenzake katikati ya jiji. Baadaye kituo kilihamia mtaa wa Ridgeways, kikawa makao na karakana kwa pamoja. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yake. Njau na mkewe, Phillda, hawakukiacha. Walikuwa na mahali pa kuanzia upya.

Tazameni pia Kuona, karakana ya wasanii jijini Nairobi. Ilianza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, ikahamia kituo cha sanaa cha GoDown, kisha mtaa wa Hurlingham. Kila kuhama ni kung'oa meza, kubeba turubai na kupoteza wageni waliokwisha kuizoea njia. Hata hivyo wasanii wenyewe walikuja kujipanga wakaendeleza karakana zao kwa jina la Kuona Artists Collective. Kituo kilidumu kwa sababu waliokitumia walikihesabu kuwa chao.

Wapo watakaosema sanaa ya kisasa ni ya wenye nacho. Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, unawajibu. Huko Wajukuu Art Project hufundisha watoto wa mtaa kuchora, na mwaka 2022 kazi yao ilionyeshwa Kassel, Ujerumani, katika documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa zaidi duniani. Hawakungoja ukumbi wa kifahari.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali ya kaunti itenge kiwanja, na hati yake ishikwe na bodi ya wadhamini ambayo wengi wake ni wasanii. Anayetoa ardhi asipewe mamlaka ya kuchagua picha. Pili, karakana zijengwe kabla ya ukumbi wa maonyesho, maana hakuna cha kuonyesha pasipo pa kutengenezea. Tatu, kila Jumamosi lango liwe wazi kwa watoto, bila ada.

Fedha za wafadhili zikija, tuzipokee kwa shukrani, ila zisiwe nguzo ya nyumba. Mfadhili ana muda wake. Hati ya ardhi hubaki.

Nawaomba wasanii, vyuo na kaunti tukutane kabla bajeti ijayo haijapitishwa. Ajenda iwe moja: kiwanja kiko wapi, na hati itaandikwa kwa jina la nani.